Bonyeo la Mlango wa Dereva

Jumatatu, 6 Mei

Siku njema sana, ukiondoa dakika moja.

Baba mkwe ameenda kutolewa mtoto wa jicho. Yeye na mama mkwe watakaa kwa shemeji, karibu na hospitali ya macho, mpaka Jumapili. Gari ameniachia mimi! Mimi, siyo yule mume wa shemeji mwenye cheti cha ufundi. Gari dogo la buluu, milango minne, lilinunuliwa mke wangu akiwa darasa la tatu, na rangi yake bado ni ile ya kiwandani. Mzee hujivunia hilo kuliko pensheni. Kaniagiza nilioshe, niliwashe kila asubuhi, nisiliendeshe. "Usiliendeshe" alisema mara tatu. Mtu akirudia jambo mara tatu, hana hakika nalo.

Nimeliendesha kwenda kazini. Nimepita chini ya dirisha la mhasibu mara mbili, honi mara moja. Mhasibu kachungulia! Utukufu mtupu.

Jioni nimefungua geti la nyumbani, nikasahau kulizuia na jiwe. Upepo ukaja. Geti likaja na upepo. Pwaa! Mlango wa dereva, bonyeo la ukubwa wa sahani ya chai.

Lakini rangi haijachubuka. Hata ukucha haunasi! Nimeegesha ubavu huo ukitazama ukuta. Mke wangu hajui kitu. Bati likiingia ndani linaweza kutoka nje. Ni hesabu ya kawaida.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata dawa! Karani mwenzangu kanieleza: maji ya moto, halafu kile kipira cha kuzibulia choo. Unabandika, unavuta, bonyeo linaruka lenyewe. Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema, nikasema naumwa tumbo.

Nimemwaga birika zima. Nusu imeufikia mlango, nusu vidole vya mguu wangu wa kushoto. Nimeruka ruka, lakini sikupiga kelele, maana jirani yupo. Jirani huyu tunamwita Kioo. Gari lake analipangusa asubuhi na jioni hadi ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Nimebandika kipira. Nimevuta. Kimeng'oka ghafla, nimekaa chini kwenye beseni.

Bonyeo lipo. Sasa lina duara kulizunguka, kama limepigwa mhuri.

Kioo kachungulia juu ya ukuta, kauliza kama gari nalo limeziba. Nimemwambia naliosha kitaalamu.

Jumatano, 8 Mei

Lile la jana lilikuwa jaribio. Leo ndiyo sayansi yenyewe! Unalipasha bati moto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha unalishtua kwa barafu. Bati likishtuka hurudi mahali pake, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mashine ni ya mke wangu. Barafu ilibidi niombe kwa Kioo. Kanipa bakuli zima, kisha akaleta na kiti, akakaa. Dakika ishirini nimepuliza, dakika kumi nimesugua barafu. Bati halikushtuka. Mashine ndiyo iliyoshtuka: ikatoa moshi, ikanyamaza.

Kioo kashauri nipeleke kwa mtu wa nyundo, azibe shimo kwa puti, apige rangi mpya. Rangi mpya! Baba mkwe angejua kabla hajashuka garini. Nimemwambia mlango ule ulitengenezwa hivyo kiwandani ili kupunguza upepo.

Bahati mbaya mke wangu alikuwa kasimama nyuma yangu. Na kipira cha choo mkononi, maana alikuwa akikirudisha chooni nilikokitoa jana. Kaangalia mlango. Kaangalia mashine yake. Hakugomba, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kasema kuna fundi mwanamke aliyesoma naye, anayenyoosha mabonyeo bila kugusa rangi. Kesho niende. Na Jumapili nimwambie baba kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeahidi. Nimeahidi mara mbili.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekutana na bingwa! Karakana yake haina hata doa la mafuta. Ana vyuma virefu vya kila umbo, kimoja kimepinda kama shingo ya bata. Ana taa ya ubao yenye mistari. Akiiweka karibu na gari, mistari inaonekana juu ya rangi: penye bonyeo inajikunja, pazuri inanyooka.

Kasema kazi yetu ni ya saa moja, kesho saa nane mchana. Kisha akaongeza, akinitazama machoni:

"Shemeji, usiliguse tena. Hata kwa kidole."

Nimeomba kumtazama akimalizia gari la mtu mwingine. Anapitisha chuma kati ya kioo na bati, anasukuma kutoka ndani, kidogo, kidogo, macho yake yakiwa kwenye mistari. Nimetazama dakika kumi. Zilitosha! Ndiyo hivyo tu? Tunasukuma! Maisha yangu yote nimekuwa nikisukuma vitu.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Chuma ninacho: kile cha kabatini kinachobeba nguo. Nguo nimezilaza kitandani kwa heshima.

Ijumaa, 10 Mei

Saa tatu asubuhi, kazini wakijua tumbo limerudi, nimeshusha kioo cha mlango, nimepenyeza chuma. Nimesukuma. Tk! Bonyeo limetoka! Nimepiga kelele hadi Kioo kamwaga chai yake. Nimecheza kidogo barabarani. Mama muuza mkaa kanipigia makofi bila kujua sababu.

Halafu nimepapasa. Penye bonyeo pametokea chunusi, inatazama nje. Nimesukuma pembeni yake ili kusawazisha. Chunusi ya pili. Nimeendelea kusawazisha. Zilipofika saba nikaacha, maana Kioo kasema kwa sauti ya huruma ya kweli:

"Jirani, mlango umepata tetekuwanga."

Saa nane nipo karakana. Fundi kaweka taa yake. Mistari ilikuwa kama tambi. Kauliza nani kaligusa. Nimesema baba mkwe. Mungu anisamehe, mzee alikuwa na bandeji usoni wakati huo.

Fundi kachukua kijiti cha plastiki na nyundo ndogo kama ya kuvunjia karanga, akaanza kugonga chunusi, moja moja, kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto alale. Saa moja imekuwa saa tatu na nusu. Nimekaa kwenye ndoo. Sikuthubutu hata kukohoa.

Alipozima redio nikajua kamaliza. Mistari imenyooka! Yote! Rangi ni ile ile ya miaka yote. Nimepitisha kiganja mara kumi. Machozi yamenitoka, nimesingizia vumbi. Kasema karakana yake haina vumbi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeosha gari mara mbili. Kioo kaja na kofia mkononi, kama msibani. Kautazama mlango, kauliza fundi gani. Nimesema ni mambo ya kifamilia.

Hotuba yangu kwa baba mkwe iko tayari. Inaanza na upepo. Mke wangu kaisikiliza, kasema nianze na "nisamehe". Nimeandika "nisamehe" pembeni.

Jumapili, 12 Mei

Wamefika saa nne, mume wa shemeji ndiye aliyewaleta. Mzee kashuka na miwani myeusi, kaivua kivulini, kamtazama mke wangu kwa muda, kasema kumbe ana mvi mbili. Kila kitu anakiona!

Kalizunguka gari polepole. Boneti. Buti. Ubavu wa kushoto. Uso ukawa unabadilika.

"Nani kaligonga gari langu?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Ni wewe, mume wangu. Lile geti letu, unaligonga jioni bila kuliona, huu mwaka wa tano. Tulinyamaza usije ukaacha kuendesha."

Mabonyeo kumi na moja, gari zima! Kweli, sikuwahi kuyatazama, nilikuwa na langu. Mzee kaketi kwenye ngazi. Nimemwona mdogo ghafla, na nimeumia, sisemi uongo. Kasema alikuwa akiwasimulia watu kwamba gari lake halina hata kovu. Mama mkwe kakaa naye, kamshika mkono.

Kisha mzee akainuka, akafika mlango wa dereva. Kaupapasa. Kaurudia. Kageuka.

"Na huu je? Nani kaunyoosha hivi?"

Mke wangu kanitazama. Hotuba ilikuwa mfukoni. Nisamehe ilikuwa pale pembeni. Mzee alikuwa na furaha usoni, ya kwanza tangu ashuke, na nani angeizima?

"Mimi, baba."

Kanikumbatia! Mbele ya mume wa shemeji! Kasema kumbe mkwe wake ana mikono ya dhahabu. Kaniachia ufunguo wiki nyingine nzima, nimalizie mabonyeo kumi na moja yaliyobaki. Mke wangu kaingia ndani na kufunga mlango kwa nguvu. Anahitaji muda kuzoea furaha.

Fundi sitamsumbua. Nimeshamwona akifanya mara mbili, tena ya pili nilikuwa nimeketi karibu kabisa. Kesho naanza na boneti. Boneti ni bapa, halina kona wala kioo. Nusu saa, ikizidi sana.