Mbao Mia Sita za Chuo cha Kessler

Hotuba ya Mkuu wa Chuo, Dakta Wendell Applequist, katika karamu ya kufunga msimu wa mpira wa Kimarekani, Kessler Grove, Nebraska, tarehe 1 Desemba 1951. Imenukuliwa neno kwa neno na katibu wake, Opal Thorsen. Yaliyo kwenye mabano ni yangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Wadhamini na mkeo, Mheshimiwa Jaji wa Kaunti, Mchungaji Nordgren, ambaye sala yake ndefu imetuhakikishia kwamba kila aliyekula alikuwa na njaa halali, Mheshimiwa Mkaguzi wa Mifugo, Malkia wa Sherehe ya Wahitimu, pamoja na mama yake aliyesimamia kura, Kocha Emil Sedlacek, wachezaji, wazazi, wadau wote wa mpira, na wewe nyegere wetu, alama ya timu, uliyekaushwa na kujazwa pamba tangu mwaka 1922 lakini bado unatuwakilisha vema kuliko wengi walio hai: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Mtu anauliza kama pai ya tufaha inakuja kabla au baada.)

Ndugu zangu, nasimama kifua mbele kutoa tathmini ya kina na shirikishi ya msimu uliokwisha, ambao, kwa mujibu wa Mpango Mkakati nilioubuni mwenyewe, nikaupitia mwenyewe na kuupongeza mwenyewe kwa maandishi, umevuka malengo kwa kiwango ambacho hata mimi, mtu nisiyependa kujisifu, nimelazimika kujisifu. Tulicheza mechi tisa. Nane kati ya hizo zilikuwa na matokeo ambayo mtaani yangeitwa kufungwa, lakini kitaalamu ni ushindi ulioahirishwa. Ya tisa, dhidi ya Chuo cha Mtakatifu Brendan, tulitoka sare ya sifuri kwa sifuri kutokana na ukungu, na upo ushahidi kwamba kwa dakika ishirini za mwisho hakuna timu iliyojua mpira uko wapi. Mwaka jana tulifungwa pointi mia tatu na kumi na mbili. Mwaka huu mia mbili tisini na nane. Yaani tumepunguza kufungwa kwa asilimia nne na ushee, ambayo ofisi yangu imeikadiria kuwa tano, na tano, kwa mtu mwenye maono, ni kumi.

(Kocha Sedlacek: "Tungepunguza zaidi kama tungekuwa na kofia ngumu za kutosha. Uwanjani watu kumi na mmoja, kofia kumi!" Kicheko. Dakta: "Maswali mwishoni, Kocha.")

Aidha, wakati vyuo vingine vinapata hasara kwa sababu wanafunzi wao wakishinda huvamia uwanja, wakang'oa milingoti ya goli na kuizungusha mjini kama maiti ya mfalme, milingoti yetu sisi haijaguswa na mtu tangu 1934. Nionyesheni chuo kingine chenye nidhamu kama hiyo!

(Jaji peke yake anapiga makofi. Yeye alicheza mwaka huo wa 1934.)

Sasa nafika kwenye jambo zito, naomba vijiko vitulie. Wote mnaufahamu Mradi wa Jukwaa la Watazamaji, mradi wa kihistoria, wa kisasa na endelevu, wenye viti elfu mbili na paa, uliokuwa ujengwe kwa mbao mia sita za msonobari, na kila ubao ukichongwa jina la familia moja. Mlikuja wenyewe ofisini kwangu mwezi wa Aprili kuandikisha majina ya wazazi wenu. Wengine mlilia, nami nikawapa leso ya chuo. Mbao hizo zilifika. Nilizipokea kwa mikono yangu hii, nikazipanga nyuma ya ghala. Lakini tarehe kumi na tisa Oktoba, mkesha wa mechi ya Mtakatifu Brendan, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao kwa mila yetu hukusanya kuni za moto wa sherehe, walizibeba mbao zote mia sita wakazitia kiberiti, chini ya uongozi wa Milo Vondra, huyu huyu anayesimama katikati ya mstari wetu uwanjani. Na miongoni mwa mbao hizo, ndugu zangu, ulikuwemo ubao wa baba yake mzazi, marehemu Josef Vondra, aliyevaa jezi yetu mwaka 1927.

(Milo amesimama: "Tulichoma makreti ya tufaha na choo cha nje cha mjomba wangu! Si mlikiona wenyewe juu ya rundo, kimeandikwa Mtakatifu Brendan?" Sauti ya nyuma: "Tulikiona! Na tulikinusa!")

Kijana, choo si kielelezo rasmi. Kwa mamlaka niliyopewa, unafukuzwa chuo kuanzia Jumatatu. Na barua ya kuifahamisha bodi ya kuandikisha askari kwamba wewe si mwanafunzi tena, hivyo huna tena msamaha wa kuitwa jeshini, hii hapa mfukoni, ina stempu tayari. Taifa lina vita huko Korea. Huko utajifunza kutofautisha mbao na kuni.

(Bi. Agnes Vondra, mama yake, alikuwa akipitisha kahawa. "Daktari, unampeleka mwanangu vitani kwa sababu ya kuni?" Dakta: "Kwa sababu ya kanuni, mama." Ana mtoto huyo mmoja tu. Nilimwona akishika mgongo wa kiti, na nilimchukia Dakta kama sijawahi kumchukia mtu. Sasa unafuata ukurasa wa saba. Huo niliuandika mimi. Miaka kumi na moja nampigia taipu hotuba zake, na hajawahi kuisoma hata moja kabla ya kusimama.)

Kwa kumalizia, shukrani. Nawashukuru akina mama wa jikoni kwa kuku na viazi vya kuponda. Naishukuru bendi, ambayo imepiga wimbo wa ushindi mechi zote tisa bila kukata tamaa. Na kwa namna ya pekee nawashukuru akina Halvorsen wa kiwanda cha mbao kwa barua yao ya tarehe ishirini Novemba, wakiuliza kwa mara ya tatu, kwa uvumilivu mkubwa, endapo chuo bado kinakusudia kuagiza mbao zozote, kwa kuwa hadi leo hawajapokea oda wala hawajakata mti hata mmoja. Vilevile namshukuru katibu wangu kwa kuitunza orodha ya majina ya familia mia sita, ambayo imelala salama kwenye droo yangu ya chini, chini ya viatu vyangu vya mvua, tangu Aprili. Nyegere, mbele! Jukwaa letu, fahari yetu! Kessler...

(Jaji: "Wendell, hebu rudia hapo kwa Halvorsen." Dakta anarudia, sauti ikipungua kila neno, mpaka kwenye neno "mti" inakwisha kabisa. Bi. Vondra ameshafika mbele. Ameliweka birika la kahawa juu ya hotuba. "Kwa hiyo mwanangu amechoma miti ambayo bado iko msituni. Na jina la Josef liko chini ya viatu vyako." Amenyoosha mkono. "Nipe hiyo barua.")

Ndugu wadau. Kuhusu barua. Baada ya mashauriano ya kina niliyoyafanya sasa hivi na nafsi yangu, nasikitika kuwatangazia kwamba barua hiyo haipo. Nayo iliungua katika moto ule ule wa Oktoba, pamoja na mbao. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Akampa Bi. Vondra barua iliyoungua, nyeupe, stempu ikiwa mahali pake. Mama akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akamuuliza kama anataka pai.)