Dakika Nane za Diski ya Bi Mwanahawa

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya gari zima la abiria. (Nguo za heshima. Zile nyingine bado ninazo, nimezihesabu.)

Mnanijua. Nina kibanda cha kunakili nyimbo na video hapa Palma, pale linapoegeshwa gari la Nhica. Saa tatu na nusu asubuhi akaingia Bi Mwanahawa, muuza unga wa muhogo, amebeba kitu ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Akafungua. Diski ya zamani, imetolewa kwenye kompyuta iliyokufa, nzito kama kipande cha tofali.

"Mwanangu, humu mna harusi ya binti yangu Zainabu. Na mna marehemu baba yake anawausia maharusi. Sauti yake haikubaki popote ila humu."

Wifi yake, Bi Tima, anaumwa kule Nhica. Ameomba jambo moja tu: amwone kaka yake akisema, japo mara moja. Na gari la Nhica ni moja kwa siku, linaondoka saa nne.

Nikaishika ile diski kwa mikono miwili. Epá! Mtu tumemzika, tumemsomea, kumbe sauti yake imo ndani ya bati, imetulia, inangoja waya tu.

Ubavuni imeandikwa 133. Yaani kila sekunde inaweza kutoa megabaiti mia na thelathini na tatu. Lakini mimi si mjinga. Kisanduku changu cha kuiunganisha na kompyuta nacho ni cha kale, kimeandikwa 12. Maji ya pipa hutoka kwa upana wa mrija, si kwa upana wa pipa. Nikachukua 12. (Hapo nikajipongeza.) Harusi nzima ni megabaiti elfu sita. Gawanya kwa kumi na mbili: sekunde mia tano. Nikahesabu tena. Mia tano.

"Dakika nane na sekunde ishirini," nikatangaza.

"Una hakika?"

"Bi Mwanahawa, nimehesabu mara mbili!"

"Hebu nipunguzie, ziwe saba."

"Haiwezekani. Hii hesabu, mama, si muhogo."

Nikaandika kwa chaki mlangoni, kwa herufi kubwa: DAKIKA 8. Abiria wakasogea kutazama.

Dakika ya nane, ule mstari wa kijani wa kunakili, pale kwenye kioo, ulikuwa umesogea upana wa vidole viwili. Nikapuliza kisanduku. Nikagonga meza. Nikapiga Bismillahi. Dakika ya kumi na tano, vidole vitatu na nusu. Konda akachungulia.

"Chefe, hizo nane zako ni za mwezi gani?"

Akaingia Profesa Bakari, mwalimu wa sekondari, naye alikuwa msafiri. Akainama, akasoma maandishi ya kisanduku, akavua miwani polepole kama daktari mwenye habari mbaya.

"Ndugu yangu, hizi kumi na mbili ni megabiti. Harusi umeipima kwa megabaiti. Na megabaiti moja ndani yake mna megabiti nane."

Nikatafuta kikokotoo. Sijakifikia, Bi Mwanahawa, aliyekaa juu ya gunia lake, akasema huku anatazama dari:

"Nane mara nane, sitini na nne. Na zile sekunde zako zinakaribia dakika tatu. Saa moja na dakika saba, tena hapo mashine isipumzike."

Nikakokotoa. Ni hivyo. Nikakokotoa tena. Ni hivyo hivyo. Mama hajagusa kompyuta maisha yake! Nilisahau hata aibu, nikabaki namkodolea macho.

"Unashangaa nini? Sokoni kila siku unapindua kopo langu la unga, unagonga kitako kuona kama limebonyea. Leo umeambiwa kumi na mbili, hukuuliza kopo gani?"

Watu wakaangua kicheko. Konda alikaa chini kabisa, mikono kichwani. Honi ikalia.

Bi Mwanahawa akasimama. Hakucheka.

"Mgonjwa siwezi kumwacha. Mimi nakwenda. Wewe utaileta kwa mkono wako."

Nikasema, "Naam, mama." (Mimi!)

Saa tano kamili mstari ukajaa. Nikaitoa kadi ya kumbukumbu niliyoinakilia harusi, nikaifunga ndani ya leso, leso ndani ya soksi. Mwenye pikipiki akataja bei, nikapanda. Sikubishana. Ndipo mjue hali yangu.

Nhica nikamkuta Bi Tima ameegemezwa kwenye mito. Nikatia kadi kwenye simu. Marehemu akatokea, kofia imekaa upande, akakohoa kikohozi chake kilekile, akasema, "Wanangu, msilale mmenuniana." Bi Tima akaweka kiganja juu ya kioo. Chumba kizima hakuna aliyejikuna. Mimi nanakili harusi za watu kila siku, sikuwahi kuona mtu akiitazama moja hivyo. Nikajikuta nimevua kofia, sijui lini.

Ilipokwisha, akanigeukia, macho yamelowa, sauti nyembamba:

"Kumbe wewe ndiye Dakika Nane?"

Hatujawahi kuonana! Habari ilipanda gari, ikanitangulia, na haikupungua hata neno moja. Nimejaribu kupima hiyo kasi ni megabiti ngapi, nimeacha. Naomba msicheke. Waliocheka Nhica wanatosha.