Majina Thelathini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Maji shingoni. Nina majina thelathini na saba ya tovuti. Miaka sita nayalipia, na ukiondoa moja tu, hakuna lenye tovuti ndani yake. Nimeuza mangapi? Sifuri. Yote niliyanunua wiki moja ya punguzo la bei, kwa hiyo yote yameisha muda pamoja Januari. Tangu hapo yako katika kile wanachokiita muda wa huruma. Huruma yenyewe inakwisha Alhamisi. Ijumaa asubuhi yanaachiwa, mwenye kasi anabeba.

Pesa niliyonayo inatosha majina tisa. Asubuhi mke wangu kanipa nyingine, ya kulipia jina moja tu: sindanombili. Hilo ni la karakana yake ya kushona. Jumatatu ijayo mnunuzi wa hoteli ataingia humo kutazama picha na kutuma oda. Sare za wafakazi wote wa hoteli! Mke wangu anaisubiri oda hiyo tangu mwaka jana. Kaniuliza mbona tovuti yake haifunguki wiki zote hizi. Nikamwambia mitambo iko kwenye matengenezo. Kakubali. Ananiamini, maskini.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima nakadiria. Daftari jipya, mistari kwa rula. Idadi ya herufi, wepesi wa kutamka, na bei. Bei natoa kwenye mashine ya mtandaoni: unaandika jina, inafikiri kidogo, inakupa thamani. Bure!

Jenezaletu: dola elfu tatu mia tisa. Herufi kumi tu, na biashara haifi kamwe. Nyanyamtandaoni: elfu mbili mia tatu. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikaandika sindanombili. Mashine ikafikiri muda mrefu kuliko kawaida. Ikajibu: thamani yake ni ndogo mno kukadirika.

Nilimpelekea daftari fundi simu wa mkabala. Huyu naye ana majina, manne tu, lakini moja aliwahi kumuuzia mwenye duka la mikate, na tangu siku hiyo anatembea kifua mbele. Kasoma ukurasa mzima bila kucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Kisha kasema kwa kila jina yeye angeniuliza swali moja tu: nani analitaka? Nikamwambia mashine haiulizi maswali ya kitoto. Kaniuliza kama mashine imewahi kununua. Nikabeba daftari langu nikaondoka. Wivu huo!

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya jaribio kwa binadamu. Wateja wa mke wangu wanasimama tuli wakipimwa, pini kila mahali, hawawezi kukimbia. Nikawasomea majina, nikawauliza wangeyalipia kiasi gani. Bibi mmoja aliyekuja kupunguza gauni alisikia jenezaletu, akashika kifua, akauliza nani kafariki. Nikamweleza ni biashara. Kaanza kulia hata hivyo, kamkumbuka marehemu mumewe. Mke wangu, mdomoni kajaza pini, kanionyesha mlango kwa mkasi.

Wakati natoka kanikumbusha kesho ndiyo Alhamisi. Nikamwambia awe na amani.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya hukumu. Pesa ya majina kumi, majina thelathini na saba. Roho inaniuma kama mzazi wa kuchagua watoto.

Tisa nimeyapata upesi. La kumi ndilo lililonitoa jasho. Ama sindanombili, ama ndoabilakelele, ambalo mashine inalikadiria dola elfu moja mia sita. Nikajiuliza kwa akili timamu: nani duniani atakimbilia sindano mbili? Litakaa hapo hapo. Kesho namuuzia fundi majeneza jenezaletu, Jumamosi nalichukua la mke wangu likiwa jipya, Jumatatu mnunuzi anafungua, hakuna aliyejua chochote. Nikapiga moyo konde. Nikalipia ndoabilakelele.

Jioni mke wangu kaniuliza kama tayari. Nikasema tayari. Kanipakulia chakula kingi. Nimekimaliza chote.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu tupu!

Fundi majeneza alinipokea vizuri, akapangusa vumbi la mbao kwenye kigoda nikae. Nikamtajia jenezaletu. Kasema jina zuri. Nikamtajia dola elfu tatu mia tisa. Kaweka randa chini. Kasema wateja wake hawaji kwa mtandao, wanakuja wakilia, wameshikana mikono, na wanaonyesha kwa kidole. Nikashusha bei. Nikashusha tena. Nilipofika dola ishirini kanionea huruma, kasema pesa hana ila anaweza kunipa jeneza. Moja. La mbao safi, na vishikio. Tayari alikuwa ananipima kwa macho.

Nimerudi kwa miguu. Mke wangu alikuwa akishona huku kanipa mgongo. Nikadhani ni uchovu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwisha. Nimekopa kidogo kwa kinyozi, nikafungua kompyuta nilichukue sindanombili. Limechukuliwa! Jana, saa mbili na dakika mbili asubuhi! Nikaandika tena, labda vidole vimekosea. Limechukuliwa.

Nikajua papo hapo ni nani. Nikavuka barabara mbio. Fundi simu hata hakukana. Kasema ndiyo, ni yeye, aliamka mapema kwa kazi hiyo. Nikamuuliza bei. Kasema si la kuuza kwangu. Nikambembeleza, nikamtishia, nikamwahidi nyanyamtandaoni na jenezaletu kwa pamoja. Kaendelea kufungua simu ya mtu, skrubu moja moja. Kumbe anajua thamani yake! Ana mashine bora kuliko yangu, mwizi huyu!

Mchana mke wangu kaniuliza, taratibu kabisa, tovuti imefikia wapi. Nikasema mitambo, bado kidogo. Kaniuliza mara ya pili, akinitazama usoni, kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika.

Jumapili, 9 Machi

Alikuwa anajua. Tangu Ijumaa!

Fundi simu aliliona jina likikaribia kuachiwa. Alilidaka ili wengine wasilidake, akampigia simu mke wangu saa ileile, akamrudishia, hakutaka zaidi ya alicholipia. Tovuti inafunguka. Oda ya hoteli itaingia kesho kama ilivyopangwa. Siku mbili mke wangu alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Kila aliponiuliza nilijibu mitambo.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Kasema yeye na mama yake walianza kazi na sindano mbili, mashine hawana, wanashona kwa taa ya mafuta, na hilo ndilo jina. Kasema alinipa lile jina nilitunze kwa sababu alitaka niwe na sehemu katika kazi yake. Nikamweleza kuhusu makadirio. Nikafungua hata daftari. Hapo akakunja kitambaa alichokuwa nacho, akakiweka chini, akasema maneno mawili tu: nimechoka nawe. Kisha kanitolea begi.

Nimelia njia nzima hadi kwa mama. Watu wananitazama. Potelea mbali.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala stoo kwa mama, katikati ya ndoo. Sijapata usingizi. Nampenda yule mwanamke na nimemdanganya mchana kweupe, na pesa yake mwenyewe mkononi. Nimemsimulia mama kila kitu. Kasikiliza hadi mwisho. Kasema niache upumbavu, nirudi leo hii, nipige magoti mlangoni, nisijitetee kwa neno hata moja. Kafungua fundo la kanga akanipa nauli. Nikamwahidi. Nilikuwa nasema kweli.

Nikakaa kituoni kusubiri basi, maneno ya mke wangu yanazunguka kichwani. Nimechoka nawe. Nimechoka nawe. Yanachoma! Yameshikana, hayatoki.

Nimechokanawe. Herufi kumi na tatu. Nikaangalia kwenye simu, basi tu, kupoteza muda. Halijachukuliwa! Hakuna mtu duniani aliyelifikiria! Mashine inasema dola elfu nne mia nane, kubwa kuliko yote niliyowahi kuwa nayo.

Nimelilipia kwa nauli na ile pesa ya kinyozi. Basi limepita. Kwa mke wangu nitakwenda kesho, kwa miguu, nikimpelekea habari njema.