Kijitu Kinachochimba Kushoto

Haki itendeke kwanza: asubuhi ile Imrani hakuwa na mpango wa kumtapeli mtu yeyote. Alikuwa amekaa tu kwenye kibanda cha chai, chini ya kilima cha Nyanungu ambako dhahabu ilikuwa imeonekana majuzi, na nusu ya Tarime ilikuwa imehamia hapo na sururu zake. Yeye alikuja kuwauzia wachimbaji chaja za simu. Ilipogundulika kwamba chaja hazichaji, akarudi kwenye chai yake na kufungua kompyuta acheze gemu.

Kuna tovuti inayochezesha gemu za zamani, zile za kaseti ambayo ikigoma unaichomoa, unaipuliza vumbi, unairudisha na kuomba Mungu. Siku hizi kaseti haihitajiki wala runinga. Unafungua ukurasa kwenye intaneti, gemu inaanza. Imrani alikuwa na yake moja ya tangu utotoni: kijitu chenye kofia ya bluu kinachimba njia ardhini kutafuta mapande ya dhahabu, huku minyoo mikubwa ikikifukuza. Aliipenda sana, na katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuvuka hatua ya kwanza.

Mzee Mwikwabe, mwenye ng'ombe wengi na shamba kubwa ambalo hadi siku hiyo lilikuwa limetoa mahindi tu, aliinama begani kwake.

"Huyo anachimba wapi?"

Imrani akainua macho. Aliona fimbo nzuri, koti zito, na uso uliogandia kwenye lile pande la njano. Mtu mwaminifu angejibu, "Ni gemu, mzee." Imrani akasema:

"Shikamoo, mzee. Wewe shamba lako liko upande gani?"

"Marahaba. Liko pale ng'ambo ya kijito."

"Basi ndipo anapochimba."

Kufikia mchana kompyuta ilikuwa imeota waya wa shaba, waya umefungwa kwenye msumari mrefu, na msumari umechomekwa kwenye udongo wa Mwikwabe. Imrani alivaa visikilizio masikioni na sura ya mtu anayepasua moyo wa mgonjwa. Watu walijaa.

"Satelaiti inapiga kutoka juu, waya unapiga kutoka chini," alisema. "Vinakutana hapa kwenye kioo."

"Na hiyo minyoo?"

"Gesi hiyo, mzee. Msiikaribie."

Mnyoo ukakikamata kijitu, kijitu kikazunguka, kikaanguka, na muziki wa msiba ukapigwa. Mwikwabe akavua kofia.

"Amekufa?"

"Amegonga maji. Upande wa kulia usichimbe. Dhahabu iko kushoto."

Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akathibitisha kwamba chombo hicho amekisoma mahali. Hapo shaka zote zikaisha.

Kulikuwa na tatizo la malipo, kwa kuwa pesa za watu zote zilikuwa zimeshamezwa na yale mashimo ya kilimani. Imrani akaridhia kulipwa mifugo. Mwikwabe akatoa dume, akachimba kushoto, akapata udongo. Alipokuja kulalamika, Imrani alimpokea kwa masikitiko makubwa.

"Ni hizi baruti za majirani, mzee. Dhahabu haipendi kelele, imesogea. Ningeipima upya, ila chombo kinachoka."

Mwikwabe akaongeza mtamba. Hakuna mtu rahisi kuibiwa mara ya pili kama yule anayeona aibu ya mara ya kwanza.

Mteja aliyefuata alikuwa Wegesa, mjane, na mali yake yote ilikuwa maksai wawili. Kwa maksai hao alilima shamba lake na la kukodi, akalisha wanawe na mama mkwe wake, bibi Mokami. Mvua zilikuwa zimekaribia. Lakini na yeye alikiona kijitu, akaliona pande la njano likimeta, akawaza paa la bati na karo za shule, akafungua zizi. Maksai wakaenda. Alichimba nyuma ya nyumba mpaka mikono ikachubuka, akapata mawe ya kawaida ya kumpigia mbwa.

Siku chache baadaye Imrani alikuwa akipima kwa jirani mwingine, Gati, na Wegesa akaenda kuangalia. Kijitu kikashuka. Kikachimba kushoto. Pande la njano lilikuwa juu ya mwamba wenye umbo la kiatu, na mnyoo ukatokea kwenye kona ileile. Lakini mwamba wa kiatu si ulionekana kwake, nyuma ya nyumba? Akamvuta mke wa Mwikwabe pembeni.

"Kwenu mliona nini kwenye kile kioo?"

"Jiwe kama kiatu. Dhahabu imekaa juu yake."

Wegesa akaelewa: picha ilikuwa ileile kwa kila mtu. Alifungua mdomo apige yowe, akaufunga. Akipiga yowe, wanaume watamuua yule mura, yule kijana wa kompyuta, kwa mawe na kugawana mifugo kwa nguvu, na mjane atabaki anaangalia mikia ya maksai wake inavyopotea. Akinyamaza, Jumamosi Imrani anawaswaga wote mnadani. Akaenda nyumbani kufikiri.

Sasa, machimboni kuna dalili moja tu ambayo kila mtu anaiamini. Mwenye shimo tupu hupiga domo: mwamba tumeshausikia, kesho tunaugonga. Aliyepata hunyamaza kimya, hata salamu anaitikia kwa kichwa.

Wegesa akanyamaza. Alifunika shimo lake kwa mbao, akazungushia miiba, akamkalisha Mokami juu yake na ungo wa wimbi. Bibi hakuelezwa kitu ila kwamba asiruhusu mtu asogee. Na wala hakuhitaji maelezo. Kazi ya kufukuza watu ilimfurahisha yenyewe tu.

Habari zilimfikia Imrani kabla ya chai ya saa nne. Akaja mbio, anatabasamu.

"Vipi, mama? Shimo linasemaje?"

"Hamna kitu," Wegesa akasema harakaharaka, na kufunga lango.

Ikumbukwe kwamba katika habari hii yote mama huyu hakusema uongo hata mara moja. Wengine tumesema kidogo.

Imrani hakulala vizuri. Alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba kile kioo hakioni chochote. Lakini je, ikiwa kwa bahati tu, msumari uliangukia penyewe? Asubuhi alirudi na maksai wawili.

"Nimekuonea huruma, mama. Chukua wanyama wako, unipe hilo shimo."

"Shimo halina kitu. La nini?"

"Utafiti."

"Humo haingii mtu!" Mokami akafoka kutoka juu ya mbao, na bei ikapanda palepale.

Likaongezwa dume la Mwikwabe. Wegesa akatikisa kichwa. Akaongezwa mtamba, ndama wa Gati, na mbuzi wote wa wateja wengine. Wegesa akaomba aitwe mwenyekiti wa kitongoji, Nashoni, awe shahidi.

"Mwenyekiti, nasema mbele yako. Humo hamna kitu."

"Mura, umesikia?" Nashoni akauliza.

"Nimesikia vizuri sana," Imrani akasema, na kumkonyeza mwenyekiti. Wakashikana mikono. Mokami alihamishwa kwa shida.

Mwikwabe alipoliona dume lake kwenye zizi la mjane, alikuja amekamata fimbo.

"Huyu ni wangu."

"Alikuwa wako, tata, mzee wangu. Ulimtoa kwa nini?" Wegesa akauliza kwa sauti, na majirani wakasogea kusikiliza. "Waeleze watu, wajue. Kulikuwa na kijitu, sivyo? Chenye kofia?"

Mwikwabe akawatazama majirani. Akatazama fimbo yake.

"Nilipita kukusalimia tu," akasema, akaenda zake.

Wegesa akalima kabla ya mvua, na mbuzi wakalipa karo. Ndama alimrudishia Gati, kwa kuwa Gati alikuja akilia na hakuona haya kusema amedanganywa.

Imrani alichimba. Shimo lilimfika kiunoni, likamfika kifuani, likamfunika. Akapata mawe ya kumpigia mbwa. Kulalamika hakuwezekani, angemwambia nini Nashoni, kwamba chombo chake ni gemu ya watoto? Juu alisikia Wegesa akiwaita maksai kwenye mtaro, taratibu.

Akaketi kwenye udongo. Akatazama huku na huku kama kuna mtu. Kisha akachomeka msumari ardhini, akavaa visikilizio, na kwa bando la mwisho akafungua ule ukurasa. Kuhakikisha tu.

Kijitu kikashuka, kikageuka kushoto. Pande la njano likameta.

Imrani alivua visikilizio. Halafu akainuka, akashika sururu, na kuhamia kushoto.