Kelele za Kulinda Mahindi ya Mwaija

Jumatatu, 9 Juni 2025

"Nyani hafukuzwi na maneno. Anafukuzwa na mtu aliyeamka kabla yake." Ndivyo Jabiri alivyosema jana kijiweni kwenye kahawa, watu wakacheka. Jabiri anafuga mbuzi. Hajawahi kulima hata tuta moja la viazi. Nilimjibu kwamba tangu enzi za babu zetu tunaamka kabla ya nyani, na tangu enzi hizo nyani anakula mahindi. Njia iliyoshindwa vizazi vyote haiwi hekima kwa kuwa ni kongwe. Aliagiza kashata.

Mke wangu Mwaija yuko Handeni; binti yetu Faudhia amejifungua. Shamba la bondeni kaniachia mimi. Alililima peke yake, mimi nikiwa na shughuli za kusoma. Mahindi yamekomaa, na ndicho chakula chetu cha mwaka. Maagizo: nikae juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, tangu alfajiri, nipige debe. Akikuta mabua matupu, alisema, nitakula vitabu vyangu, tena bila mboga.

Nimekaa. Nimepiga. Nyani wamejipanga ukingoni mwa msitu wakinitazama kama wajumbe wanaosubiri mwenyekiti amalize hotuba. Mgongo hauna hali.

Jumatano, 11 Juni

Korogwe mjini. Tangazo ukutani: Jumamosi kuna warsha, kila mtu ajitengenezee mashine yake ya kelele. Nimelisoma mara mbili. Mwalimu ni Loyce, binti kutoka kijiji cha Bungu. Nimempigia simu kumuuliza kama kelele hizo zinatisha. Akasema inategemea sikio la mtu. Nikamwambia sikio ni la nyani. Akasema karibu sana, baba.

Jumamosi, 14 Juni

Warshani vijana watupu, wote wanatafuta muziki. Shikamoo nyingi, nafasi mezani kidogo.

Kanuni ni nyepesi. Chipu moja ndogo inawasha na kuzima umeme wa betri haraka haraka, spika inatetemeka, basi. Ukizungusha kitufe sauti inashuka, kutoka mbu hadi trekta. Kulehemu ndiyo kazi. Nimeunguza kidole, kisha shati, kisha meza. Chipu yangu ya kwanza niliigeuza mbele nyuma. Loyce akasema, baba, hiyo imekufa. Nikamtaka uthibitisho. Akaninusisha.

Akasema pia hakuna sauti mbaya duniani, kuna sauti ambayo hatujaizoea. Nimempinga mbele ya wote. Sauti mbaya ipo, na nimelipa nauli kuifuata.

Jioni mashine yangu ilinguruma ndani ya bati la biskuti. Kijana mmoja aliniuliza huo ni mtindo gani. Nikamwambia si mtindo. Ni ulinzi.

Jumapili, 15 Juni

Nimefunga spika ya honi juu ya dungu. Sauti nyembamba: nyani walijikuna, wakaendelea kula. Nikashusha, nikashusha tena. Ikatoka ngurumo moja nzito, dududu, isiyo na pumzi. Nyani wote wakaondoka, hata yule mwenye mtoto mgongoni. Nimebana kitufe hapo hapo kwa utepe, nikarudi nyumbani kulala mchana.

Jabiri apite aone.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeiwasha asubuhi, nikaiacha ifanye kazi. Chai. Kitabu. Usingizi kidogo.

Kabla ya adhuhuri amekuja Swaumu mwenye mashine ya kusaga, amefura. Mkanda wa mashine yake umekatika tangu wiki iliyopita. Akataka kujua tangu lini mimi nasaga unga. Ameona akina mama wakimpita na ndoo za mahindi kichwani, wanateremka bondeni wanakosikia mashine ikilia. Nilicheka.

Halafu nikaacha kucheka. Ile dududu. Ndiyo ile ile ya kwake. Na nikakumbuka nani mwingine kijijini anayeijua: mbuzi. Kila mbuzi wa hapa kijijini kwetu Makuyuni anajua mashine ikilia, pumba ziko chini.

Tumekimbia. Akina mama wamepanga foleni chini ya dungu, mmoja akaniuliza zamu inaanzia wapi. Mbuzi hawakupanga foleni. Upande wote wa mtoni umebaki mabua. Nilipozima mashine, mbuzi waliinua vichwa kama watu waliokatiwa umeme.

Jabiri alifika taratibu kuchukua mifugo yake. Akalitazama shamba kutoka mwanzo hadi mwisho. "Nyani simwoni hata mmoja, Hiza," akasema. "Hongera."

Jumatano, 18 Juni

Mwaija amerudi. Hakufoka; ningependelea afoke. Alilizunguka shamba, akaokota gunzi, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikaanza kumweleza habari za chipu. Akaniuliza tena nilikuwa wapi. Nikasema nyumbani.

Akasema kilichobaki hakitatufikisha masika. Akasema mjukuu wetu amepewa jina langu, na kwamba anamwomba Mungu liwe jina tu. Kisha akachukua debe, akapanda dunguni.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Hakuna nyani aliyekula hata hindi moja siku ile. Hoja yangu imesimama. Kasoro ni ya mbuzi, waliolelewa vibaya.

Nimempigia Loyce. Kesho anafundisha kuunganisha mashine mbili, ngurumo juu ya ngurumo. Nimejiandikisha. Sijamwambia Mwaija. Yuko bondeni tangu alfajiri, nasikia debe lake hadi hapa. Linanitoa kwenye kitabu.

Kwa hiyo wewe Jabiri, na wenzako wote mnaoachia mifugo ovyo: wafungeni mbuzi wenu ifikapo Jumapili. Na wewe Swaumu, ukishapata mkanda, itafutie mashine yako mlio mwingine. Huu wa sasa ninautumia.