Mafuta ya Jicho, Wifi na Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Nimeyapata mafuta! Kila tone la maji ya jicho la mgonjwa wa glakoma nililolipima maabara lina mafuta ya kutosha kukaangia yai. Siku zote nimesema: jicho lina maji yake, yanatengenezwa ndani na kutoka kupitia kichujio chembamba. Kichujio kikiziba, presha ya jicho hupanda, na mshipa wa kuonea hufa polepole bila hata maumivu; hiyo ndiyo glakoma. Wenzangu bado wanaulizana kwa nini kinaziba. Mimi nasema mwili ukishindwa kutumia mafuta yake sawasawa, jicho nalo huadhibiwa. Profesa amenipa nafasi ya kuzungumza mbele ya idara nzima Ijumaa. Nimeshachagua gauni. La bluu. Linanipa sura ya mtu anayenukuliwa.

Jumanne, 5 Machi
Wifi alikuja kula. Huyu ni dada wa mume wangu, muuguzi wa kliniki ya macho. Ndiye anayeniletea sampuli, basi anajiona mama mzazi wa utafiti wangu. Nilimweleza ugunduzi. Akatafuna taratibu, akauliza kwenye macho mazima nimekuta mafuta kiasi gani. Nikamjibu macho mazima hayaumwi, ya nini kuyasumbua? Mume wangu akacheka, kisha akajifanya amepaliwa. Damu nzito kuliko maji!

Jumatano, 6 Machi
Sampuli za macho mazima hazitoki bila idhini ya kamati, na kamati haikutani wiki hii. Lakini mimi si mtu wa kukwama. Nimekwenda buchani. Jicho ni jicho. Muuza nyama akauliza kama nataka kupika mchuzi. Nikamwambia ni kwa ajili ya sayansi. Akaniongezea jicho moja la bure, nadhani kwa huruma. Matokeo: ng'ombe ana mafuta sawa na wagonjwa wangu! Nimeandika kwamba ng'ombe wengi wana glakoma bila wenyewe kujua. Ugunduzi wa pili!

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Profesa aliagiza nipime maji matupu. Maji safi kabisa, hayajawahi kukutana na jicho. Yana mafuta kuliko ng'ombe na wagonjwa wote! Profesa akanusa hewa, akanitazama mikono, akauliza najipaka nini. Losheni, nikasema. Kabla ya kuvaa glovu, baada ya kuvua, na kidogo juu ya glovu zenyewe, maana mikono ya mtafiti sharti ing'ae. Akasema basi siku zote hizi nimekuwa nikiutafiti mkono wangu. Hotuba imefutwa. Sawa. Lakini ni nani mwingine katika jengo lile angeweza kupima losheni kwa ustadi ule?

Ijumaa, 8 Machi
Wifi kapata habari. Kanipa pole, pole yenye pilipili ndani. Vyema. Kama vipimo vyangu vina kasoro, vyake je? Leo alikuwa anawapima wafanyakazi presha ya macho bure, pale kwenye korido. Nikapanga foleni. Macho yangu ni ya mwewe. Mashine yake ikikosea tu, nimemnasa!

Thelathini na moja. Kwa kawaida haipiti ishirini na moja. Nikapiga makofi, nikawatangazia walio nyuma yangu kwamba mashine ni mbovu. Wifi hakucheka. Akapima tena. Akaleta mashine nyingine. Ikasema yaleyale. Akanipeleka chumba cha ndani nikabonyeze kitufe kila nitakapoona taa. Nilimaliza nikijisifu kwamba hakuna taa iliyonipita. Akanionyesha karatasi. Jicho la kushoto, upande wa pua, taa zimewaka na kuzimika, nami nimekaa tu.

"Wifi, ngoja nimwite daktari."

"Kwani ni wewe uliyekosea au ni mashine?"

"Hakuna aliyekosea, Wifi. Nipe mkono."

Nikampa.

Jumamosi, 9 Machi
Daktari kasema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa. Tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yote. Nililia kidogo, kitaalamu. Miaka yote nautafuta ugonjwa huu kwenye vichupa, kumbe umeshapanga chumba kichwani mwangu! Ila tuseme ukweli, umechagua vizuri. Ungekwenda kwa nani anayeuelewa zaidi? Wifi alikuja mwenyewe kunitia dawa, maana tone langu la kwanza liliingia puani. Ana mkono mwepesi. Sitamwambia.

Jumatano, 3 Aprili
Ushindi! Presha imeshuka hadi kumi na sita. Nikashikilia Wifi naye apimwe. Kumi na saba! Sikuringa. Nilimwambia mume wangu, Profesa, mlinzi wa getini na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, basi. Jioni nikatangaza kwamba mwenye presha ya kumi na sita amepona, dawa ya nini tena? Matone yalisaidia kidogo, sikatai. Kazi kubwa imefanywa na nia yangu. Nimeshaanza kuandika makala: nia hushusha presha ya macho. Mgonjwa wa mfano ninaye mmoja tu, lakini ni bora.

Wifi amevua viatu, ameketi sebuleni kwangu na kichupa cha matone mkononi. Amesema hana haraka. Hata mimi sina. Tutaona kope za nani zitachoka kwanza.