Korongo wa Bonde la Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Mei 1995

Muhonja bado yuko kwao. Wiki ya pili sasa. Na kisa ni nini? Dirisha! Dirisha la studio yangu hapa Khayega. Picha yake ilikaa kwenye kioo tangu tuoane. Nikaitoa, nikaweka ya Beverly, yule bibi arusi wa Shirere mwenye gauni la mkia mrefu. Biashara ni biashara. Mtu akipita aone gauni, aingie. Muhonja akaniambia kama yeye ni kitu cha kutolewa, basi atajitoa mwenyewe, asinisumbue. Akajitoa. Akabeba na sufuria nzuri.

Mjomba Wanyama anasema njia ni moja tu. Tuvae makoti, tubebe jogoo, tuvuke bonde twende kwa wakwe, nikae chini nisemwe mpaka waridhike. Nisemwe mimi! Mtu mwenye studio! Nimekataa.

Nina mpango bora. Chini ya boma lao kuna kinamasi, na Muhonja tangu utoto anapenda korongo wa pale. Kila mwaka alikuwa akiniomba twende Jumapili moja na kamera nimpigie ndege mmoja tu. Kila mwaka nilimjibu kwamba ndege halipi. Sasa nitampiga huyo ndege akiwinda, nimtie kwenye fremu, nitume mtu ampelekee. Mkono mtupu haulambwi. Atarudi mwenyewe, bila jogoo, bila kusemwa.

Jumatano, 10 Mei

Nimempata! Korongo mchanga, wa kijivu, shingo ndefu, manyoya ya kichwa yamesimama ovyo. Na hajui kuwinda! Anapiga mdomo majini, anatoka na kijiti. Anakiangalia. Anakitupa. Anasimama tena kana kwamba hakuna aliyeona. Nimempenda mara moja.

Nikatambaa kwenye matete mpaka karibu kabisa. Nikalenga. Nikasema: moja, mbili... Akaruka kabla ya tatu.

Nifanyeje? Sijawahi kupiga picha bila kuhesabu. Mteja asipohesabiwa atafumba macho. Hata marehemu Masinde nilimhesabia ndani ya jeneza, na alitokea vizuri.

Nimerudi na matope hadi magotini. Makhanu, mwenye studio ile ya ng'ambo ya barabara, alikuwa mlangoni pake. Akauliza kwa sauti, watu wasikie, kama mimi, Andati, sasa nalima mpunga. Ana kiburi tangu achoreshe ukuta wake eropleni. Kila kijana wa Khayega sasa amepigwa picha akipanda ndege, na hakuna hata mmoja aliyevuka Kisumu.

Alhamisi, 11 Mei

Asubuhi ya mawingu. Nikatumia taa ya kamera. Kosa! Korongo akaruka, na vyura wote wakanyamaza. Hata mimi nilishtuka.

Sikuwa na pa kwenda. Mvua ilikuwa inaanza. Nikabaki nimekaa kwenye majani, na baada ya muda akarudi. Nikamtazama, sina hata kamera mkononi. Huyu ndege haongezi kitu, hapunguzi kitu. Anaangalia tu maji. Mtu akikalia stuli yangu, mimi namnyanyua kidevu, namgeuza bega, moja mbili tatu, nje, mwingine aingie. Sijui kama nimewahi kumwangalia mtu.

Nikajaribu kumkumbuka Muhonja akichambua kunde mlangoni. Sikuweza. Macho yake yakoje akiwa hana habari na mtu? Nilichokumbuka ni ile picha ya dirishani. Jambo hili limeniuma kuliko nilivyotarajia. Nimekula obusuma, ugali wa jana, kwa chumvi, nikalala.

Jumamosi, 13 Mei

Woi! Woi mimi! Muhonja yuko kwenye dirisha la Makhanu!

Picha mpya, kubwa, amesimama kando ya ile eropleni ya rangi, mkono kiunoni. Na anatabasamu! Kwangu miaka yote hakutoa hata jino moja. Nimevuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, nikamwambia Makhanu kwamba yeye ni mwizi wa wateja na sasa wa wake. Akasema Muhonja alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Nikauliza alimfanya nini mpaka akacheka. Akasema hakumfanya kitu. Yeye hahesabu, anaongea tu na mtu mpaka mtu asahau kamera.

Hahesabu! Na hiyo ni kazi gani?

Nimerudi dukani. Beverly ananiangalia kutoka kwenye kioo na gauni lake. Nilitamani kumrushia stuli.

Jumapili, 14 Mei

Nimechagua saa ya ibada, maana wakwe wote watakuwa kanisani. Nikavua suruali nisiichafue, ndiyo ile ya arusi, nikaitundika kwenye matete. Nikaingia majini na shati na kamera. Mficha uchi hazai.

Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Nilikuwa tayari kabisa. Mara nasikia mtungi ukitua ukingoni. Mama mkwe!

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Mkikutana njiani mmoja huingia kichakani. Mimi kichakani nilikuwa nimeshaingia, kwa hiyo adabu nilikuwa nayo. Taabu ni suruali. Ilikuwa upande wake.

Nikazama mpaka shingoni. Yeye akanigeuzia mgongo, akaanza kuongea na korongo. Akamwambia kwamba ndege mwenye heshima akimfuata mwenzake hupitia mlango wa mbele na wazee wake, haji kwa matope kama mwizi wa kuku. Akamwambia mwenzake hajakataa kurudi, anangoja kuombwa msamaha tu. Mwisho akamwambia avae.

Maskini mama mkwe. Uzee umeanza kumwingia. Kumwambia ndege avae! Nimemhurumia sana.

Akachota maji akapanda kilima bila kugeuka. Nilipotoka, suruali haipo. Bonde hili limejaa wezi. Nimefika Khayega nimevaa gunia la mahindi, na Makhanu, kama kawaida, mlangoni.

Jumatano, 17 Mei

Niandike polepole. Leo sitaki kusahau kitu.

Nilikuwa nimelala kwenye matete, suruali nyingine mwilini. Nikasikia hatua nyuma yangu. Muhonja. Amebeba suruali yangu ya arusi, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Akasema mama yake aliiokota mahali na hakutaka kusema ni wapi. Alikuwa anazuia kicheko, naye hajui kuzuia. Kisha akaketi kando yangu, kwenye matope, na kanga safi.

Nikamwonyesha korongo. Akasema anamjua, ni wa kiota kile cha mwituni, mwaka huu walitoka watatu. Ndege akapiga mdomo. Akakosa. Akapiga tena. Jani. Muhonja akamwambia pole, kwa sauti ndogo. Mimi nikanyanyua kamera, nikafungua mdomo: mo...

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilinukia vitunguu. Hatukusogea, sijui kwa muda gani. Mwishowe sikuwa namwangalia ndege. Nilikuwa namwangalia yeye akiangalia. Macho yake yana rangi ya chai ya rangi jua likiyapiga. Nimeishi naye miaka yote hii sijui.

Akanigusa bega. Nikageuka, shingo ya korongo ikaenda kama umeme, nikabonyeza. Chura! Miguu yote inaning'inia! Yule mtoto akasimama na chura wake haamini. Na sisi hatukuamini. Muhonja alitoa machozi kidogo, nami pia, ila yangu yaliletwa na mbu.

Hapo nikasema nimekosa. Sikupanga kulisema. Lilitoka lenyewe. Akasema hilo ndilo alilokuwa anangoja, lakini baba yake bado anangoja jogoo.

Jumamosi, 20 Mei

Tumekwenda. Mjomba Wanyama, makoti, jogoo. Nimesemwa kuanzia chai mpaka jua likainama. Mama mkwe hakutokea, lakini nyuma ya ukuta wa jikoni alisikika akimwambia yule ingokho, jogoo wetu, kwamba safari hii amekuja vizuri na amevaa. Tena! Nilimnong'oneza Muhonja kwamba mama apelekwe kwa daktari wa wazee. Aliniangalia kwa muda mrefu sana.

Nimeahidi mbele ya wazee wote: Beverly atoke, Muhonja arudi kwenye kioo, asitolewe tena kwa sababu yoyote. Wameridhika. Makhanu naye ameitoa ile ya eropleni, Muhonja alikwenda kuichukua mwenyewe. Leo nyumba ina harufu ya moto na mboga. Sufuria nzuri imerudi. Nina furaha, sioni haya kuandika.

Jumamosi, 27 Mei

Nimeisafisha filamu ile. Lo! Lo! Sijawahi kupiga picha kama hii maishani. Kila tone la maji linaonekana. Jicho la ndege, chura, matete, kila kitu. Nimeikuza kubwa kabisa. Makhanu amevuka barabara kuja kuitazama, akavua kofia. Makhanu! Kavua kofia!

Kioo changu ni kimoja, kwa hiyo nimeiweka pale. Ya Muhonja nimeishusha kwa wiki moja tu, iko salama nyuma ya mlango. Hili si kama lile la Beverly hata kidogo. Beverly alikuwa mteja. Huyu ni korongo wake mwenyewe, wa kwao, aliyekuwa akiniomba nimpigie miaka yote. Nilitaka iwe zawadi ya ghafla.

Saa kumi ameniletea chai. Ameona dirisha. Amesimama mbele ya kioo, hasogei, hapepesi, anaangalia tu. Nimejua picha imemgusa moyo.

Jioni ameniuliza kama lile sanduku lake kubwa la nguo bado liko juu ya kabati. Nimepanda kiti nikamshushia mwenyewe, nikampangusia na vumbi.